Nilienda Musanze Kufundisha Kiingereza

Mama aliniuliza swali moja tu: "Kwa hivyo unalipa nauli uende ufanye kazi ya bure?"

Ilikuwa Januari 2018. Nilikuwa na miaka 23, digrii ya fasihi ambayo hakuna ofisi Nairobi ilikuwa inaililia, na barua kutoka kwa shirika dogo la kujitolea. Miezi mitatu Rwanda, shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Musanze, Kiingereza, darasa la nne. Malazi yapo, chakula kipo, mshahara hakuna. Nilimwambia mama kwamba nitapata eksipiriensi. Akaguna, akaendelea kuchambua mboga.

Basi lilitoka Nairobi jioni. Mpaka wa Katuna ulikuwa bado wazi wakati huo, na nilivuka kwa kitambulisho cha Kenya tu, bila pasipoti. Ukishaingia Rwanda gari linahamia upande wa kulia wa barabara, na kwa dakika kama kumi hivi mwili wako wote unakwambia mnakufa. Kisha unazoea.

Nitasema ukweli: sehemu ya kilichonipeleka ni wivu. Nilikulia Murang'a, na shuleni kwetu kila Julai walikuja wageni wa kujitolea. Wazungu vijana, wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mwalimu wetu wa Kiingereza, ambaye alikuwa ametufunza tangu Januari, alikaa nyuma ya darasa akiwatazama wakituimbisha. Sisi tulipenda sana. Lakini nakumbuka nikijiuliza: mtu huwa anakuwaje yule anayekuja? Mbona sisi huwa tunakujiwa tu?

Kwa hivyo nikaenda. Na wiki ya kwanza nikagundua kwamba kuja pia kuna daraja zake.

Tulikuwa wawili wa kujitolea shuleni pale. Mwenzangu alikuwa kijana kutoka Uholanzi, msee poa sana, mwenye bidii. Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili kama kilivyo kwangu. Tena alianza kukisoma akiwa mkubwa kuliko nilivyokuwa mimi, kwa sababu mimi nilianza nasari. Lakini mratibu wa shirika alipogawa kazi, yeye alipewa mazungumzo na matamshi, "ili watoto wasikie Kiingereza chenyewe." Mimi nikapewa sarufi na kusahihisha madaftari. Yule Mholanzi mwenyewe aliona aibu. Aliniambia usiku ule kwamba huwa anapanga sentensi kwa Kiholanzi kwanza kabla ya kuzisema. Tulicheka, ila mimi nilicheka kidogo kuliko yeye.

Niliporudi nyumbani nilianza kusoma kuhusu jambo hili, na nikakuta kwamba wazo la mratibu yule lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilitokea hapa kwetu.

Wapenzi wa fasihi wanapotaja mkutano wa Makerere huwa wanamaanisha ule wa waandishi, Juni 1962, ambao Ngũgĩ alihudhuria akiwa bado mwanafunzi. Lakini mwaka mmoja na nusu kabla yake, Januari 1961, palifanyika Makerere mkutano mwingine usiotajwa kabisa kwenye vikao vyetu: mkutano wa Jumuiya ya Madola kuhusu kufundisha Kiingereza kama lugha ya pili. Bendera zilikuwa zinakaribia kubadilishwa, na swali lilikuwa nini kitatokea kwa Kiingereza baada ya Waingereza kuondoka. Mwaka 1992 msomi mmoja, Robert Phillipson, aliandika kitabu akichambua imani zilizokita mizizi pale. Alizihesabu tano. Kwamba Kiingereza hufundishwa vizuri zaidi kwa Kiingereza pekee. Kwamba mwalimu bora ni yule aliyezaliwa nacho. Kwamba kikianzwa mapema ndivyo bora, na kikiwa kingi ndivyo bora. Na kwamba lugha nyingine zikitumiwa sana, Kiingereza kitaharibika. Phillipson aliziita zote tano potofu.

Mimi nilizisoma nikaona ratiba ya maisha yangu ya shule.

Sasa angalia tarehe. Mkutano ni Januari 1961. Tarehe 1 Machi mwaka huohuo, John F. Kennedy anatia sahihi amri ya kuanzisha Peace Corps, wazo alilolirusha kwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Michigan usiku wa manane wakati wa kampeni, Oktoba 1960. Waingereza walikuwa wametangulia: VSO ilianzishwa mwaka 1958 na Alec Dickson na mkewe Mora, na watu wake wa kwanza walikuwa vijana wa kama miaka 18 waliotoka tu shule ya sekondari. Hebu fikiria hilo kidogo. Mvulana amemaliza mtihani juzi, leo ni mwalimu Sarawak. Angekuwa ni wa Nyeri, angeambiwa aende chuo cha ualimu kwanza.

Kundi la kwanza la Peace Corps lilitua Accra tarehe 30 Agosti 1961, walimu wa sekondari, na walipowasili uwanjani waliimba wimbo kwa lugha ya Kitwi. Waghana walifurahi kwelikweli. Mwezi mmoja na nusu hivi baadaye, Ibadan, mambo yalikuwa tofauti: binti wa miaka 23 aliyekuwa mafunzoni aliandika postikadi kwa mpenzi wake akieleza jinsi watu wanavyoishi pale kwa hali ya uchafu na ushamba. Postikadi ikapotea kabla ya kutumwa. Wanafunzi wa chuo wakaiokota, wakaichapisha nakala, wakaandamana. Binti akarudi Marekani. Huwa namhurumia kidogo, kwa sababu alifanya kile ambacho kila mtu anafanya leo kwenye simu, ila yeye alitumia karatasi. Lakini nawaelewa zaidi wale wanafunzi. Walikuwa wamekaa naye meza moja, kisha wakasoma alichokuwa anakiona kila alipoinua macho.

Kenya ilipata watu wake wa Peace Corps kuanzia 1964. Na hapa sitaki kudanganya kwa kuwa hadithi ya kulaani ni tamu: tuliwahitaji. Tulipopata uhuru tulikuwa na shule za sekondari 151 tu, zenye wanafunzi kama 30,000, nchi nzima. Wazazi wakaanza kujijengea za Harambee, kwa kuuza mbuzi na kuchanga shilingi, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 60 zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Majengo yalipatikana. Walimu hawakuwepo. Shangazi yangu alisoma shule ya namna hiyo, na mwalimu wake wa Kiingereza alikuwa Mmarekani aliyekaa miaka miwili, akajifunza Kiswahili, akajifunza na Kikuyu cha kununulia viazi. Shangazi hamkumbuki kwa matamshi yake. Anamkumbuka kwa sababu alirudisha insha zikiwa zimesomwa.

Kati ya miaka miwili ya mtu yule na wiki mbili za wageni wetu wa Julai kuna tofauti ambayo neno "kujitolea" linaificha. Mwaka 1968, tarehe 20 Aprili, padri Ivan Illich alialikwa kuzungumza na wanafunzi Wamarekani waliokuwa wanakwenda kusaidia vijiji vya Mexico. Aliwaambia waje kutalii, waje kusoma, ila wasije kusaidia. Hoja yake iliyonichoma ni ile ya lugha: kwamba ni dhuluma kujipachika kijijini ukiwa bubu na kiziwi kiasi kwamba hujui watu wanakuonaje.

Nilidhani hilo halinihusu. Kinyarwanda kwangu kilikuwa kama jirani anayefanana na binamu yako. Mwana ni umwana, mwalimu ni umwarimu, kitabu ni igitabo. Siku ya tatu nilikuwa najiona mwenyeji.

Lazima nieleze lile darasa lilikuwa wapi kihistoria. Rwanda ilitawaliwa na Ubelgiji na Kifaransa kilikuwa lugha ya shule. Baada ya 1994 wengi walirudi kutoka Uganda wakiwa wamesoma kwa Kiingereza, na Kiingereza kikaingia katika lugha rasmi. Kisha Oktoba 2008 baraza la mawaziri likaamua: kufundisha kuwe kwa Kiingereza. Rwanda ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uliotangulia, na 2009 ikaingia Jumuiya ya Madola. Walimu waliosomea ualimu kwa Kifaransa, wakafundisha kwa Kifaransa nusu ya maisha yao, walipaswa kubadilika. Walifundishwa wakati wa likizo. Walimu kutoka Uganda na Kenya walianza kuvuka kwenda kusaidia. Mwaka 2011 serikali ikalegeza: darasa la kwanza hadi la tatu watoto wafundishwe kwa Kinyarwanda, kisha Kiingereza kianze la nne.

Kwa hivyo darasa langu, watoto 58, lilikuwa ukingoni hasa. Novemba walikuwa wanaelewa kila kitu shuleni. Januari hawaelewi kitu. Hisabati ileile, sayansi ileile, imebadilishiwa mlango.

Na mimi nikafanya nini? Wiki ya pili, kwa sababu walikuwa wananong'onezana kwa Kinyarwanda, niliandika orodha pembeni mwa ubao. Majina ya wanaoongea "lugha ya nyumbani." Ukifika mara tatu, unasimama nje. Sikutoa wazo hilo hewani. Shuleni kwetu tulikuwa na kipande cha mbao chenye kamba, tulikiita disk, ukishikwa ukiongea Kikuyu unakivaa mpaka umsikie mwingine. Ngũgĩ ameeleza kitu kama hicho cha utoto wake wa enzi ya mkoloni katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, na nilikisoma chuoni nikikipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipata A. Kisha nikapanda basi nikaenda kumvalisha mtoto wa Musanze ile mbao.

Kulikuwa na msichana mmoja dawati la mbele ambaye hakuwahi kusema neno. Kwenye daftari langu nilimwandikia: mzito. Siku moja nilichelewa, nikafika dirishani nikamkuta yuko ubaoni. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo, alikuwa amempa chaki. Alikuwa anawaeleza wenzake sehemu, nusu na robo, kwa Kinyarwanda, mkono kiunoni, haraka, na mvulana mmoja alipokosea akamrudisha nyuma kwa maneno yaliyowafanya wote wacheke. Nilisimama pale nje. Nilipoingia, alirudi kwenye dawati lake na akanyamaza.

Orodha yangu ilikuwa imefutwa. Sio kwa hasira. Pembe ile ya ubao ilikuwa safi tu, kama vile haijawahi kuandikwa.

Mama yule alikuwa na Kiswahili cha Goma, alikokuwa akifanya biashara ya vitenge zamani. Saa ya chai aliniita kando.

"Mwalimu," akasema, "hawa batoto si wajinga. Wanangoja."

"Wanangoja nini?"

"Wanangoja wewe umalize."

Hakusema zaidi, na aliongea kwa upole mno kiasi kwamba nilichelewa kuumia. Baadaye alinieleza kwamba mwaka 2009 na yeye alisimama hivyohivyo mbele ya darasa, mwalimu wa miaka mingi ambaye ghafla hana maneno, na mkaguzi akaandika jambo kwenye daftari lake. Hakuwahi kuliona. Alisema anadhani analijua.

Tulibadilisha mpango. Asubuhi yeye alifundisha kwa Kinyarwanda kisha mimi narudia kwa Kiingereza, maneno machache, na watoto wanaruhusiwa kuuliza kwa lugha yoyote. Kama mkaguzi angekuja tungekuwa mashakani sote wawili. Mimi ningepanda basi, yeye angebaki. Alijua hilo na akaamua hivyo hivyo. Msichana wa dawati la mbele aliniuliza swali lake la kwanza mwezi Machi. Lilikuwa kuhusu Kenya, kama tuna sokwe. Niliposema hatuna, alinitazama kwa huruma.

Kitu kimoja nilikificha miezi yote mitatu. Mimi nilishrub mpaka Form Two. R na L zilinitesa, kama zinavyowatesa wengi wa kwetu, na nilichekwa mpaka nikajifunza kwa kioo. Wanyarwanda nao wana vita hivyohivyo na hizo herufi mbili. Watoto waliposoma "rice" wakasema "lice," niliwakosoa vikali zaidi ya kosa lingine lolote.

Desemba 2019, nikiwa nimesharudi na nimepata kazi ya uhariri, Rwanda ilitangaza kwamba Kiingereza kitaanza tena darasa la kwanza. Mama yule alinitumia ujumbe WhatsApp. Walikuwa wamempeleka darasa la kwanza. Hakulalamika, aliomba nimsomee kitabu cha watoto kwa sauti, nimrekodie, awe anasikiliza usiku kabla ya kulala. Nilimjibu kwamba hafai kujifunza matamshi kwangu, atafute mtu aliyezaliwa na Kiingereza. Akaandika: "Nataka ya mtu ninayemjua."

Nilijifungia chumbani nikasoma kurasa zote, polepole. Nilikuwa nimechoka, ilikuwa saa tano usiku, na nikatuma bila kusikiliza.

Asubuhi nikakuta jibu. "Murakoze cyane, mwalimu. Ukurasa wa sita umesema lice."

Chini yake ameweka kile kiuso kinacholia kwa kicheko, mara tatu.