Feni Inamzungukia Nani?

Kutoka Kilindoni hadi Ras Mkumbi kwa bodaboda ni kilomita 40 na ushei, na mgongo unazihesabu zote. Unapita minazi, unapita Kanga, unaingia Bweni, halafu kisiwa cha Mafia kinakwisha: mwamba wa matumbawe, maji pande tatu, na mnara wa taa uliojengwa 1892, wakati wa Wajerumani. Nilifika alasiri moja ya Januari, kaskazi ikivuma. Mzee wa Bweni aliyekuwa amekaa kivulini aliitikia shikamoo yangu, akanitazama begi langu dogo.

"Kama umefuata potwe, mwanangu, umepitiliza. Potwe wako Kilindoni."

"Nimekuja kutazama meli, mzee."

"Meli zenyewe hazisimami hapa. Zinapita mbali. Usiku utadhani mtaa wa mjini umekatika, unaelea."

Ndiyo hiyo niliyoifuata. Binamu yangu ni mhudumu wa vyumba katika meli ya kitalii, ambayo siitaji jina. Sehemu yake ni swiiti, yaani vile vyumba vya juu kabisa vyenye sebule, baraza lake na kitanda ambacho yeye hukitandika mara mbili kwa siku. Siku chache kabla alinitumia sauti ya WhatsApp: wangeng'oa nanga Zanzibar jioni kuelekea kusini, na kwa hesabu zake wangepita nje ya Mafia usiku. "Nenda ukatutazame pale kwa Bibi," alisema. Bibi yetu mzaa mama alizaliwa Bweni.

Bibi naye aliwahi kupanda meli kubwa, mara moja tu, miaka ya 60, kutoka Dar es Salaam kwenda Mombasa kumuuguza dada yake aliyejifungua. Alikuwa na tiketi ya sitaha: hakuna kitanda, hakuna godoro, unanunua ruhusa ya kuwamo. Akaja na mkeka wake wa ukindu wa Bweni, ule wenye rangi, na kapu la maandazi na samaki wa kukaanga. Jina la meli hakulikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba usiku alipokwenda kutafuta maji alipotea, akapanda ngazi asiyopaswa kuipanda, na akafika kwenye mlango ulioachwa wazi. Ndani kulikuwa na kitanda kimetandikwa shuka nyeupe, hakuna aliyelala, na juu yake feni inazunguka. Alisimama akaitazama. Kisha akashuka. Kila alipotusimulia aliishia kwenye swali lile lile: "Feni inamzungukia nani?"

Tulicheka sana utotoni. Siku hizi naliona swali hilo kuwa la historia, tena zito kuliko yale tuliyofanyia mitihani.

Safari za kudumu za meli za moshi katika pwani hii zilianza 1872, kampuni ya British India ilipopewa mkataba wa kubeba barua kati ya Aden na Zanzibar. Mwaka 1890 Wajerumani, walioitwaa pwani pamoja na Mafia, wakaanzisha Deutsche Ost-Afrika-Linie ya Hamburg kwa ruzuku ya serikali yao. Miaka miwili baadaye Ras Mkumbi ikapata taa. Taa haikuwashwa kwa ajili ya watu wa Bweni, ambao nahodha zao walizijua kasa na fungu za huko gizani kabla mtu wa Hamburg hajauona mnazi. Iliwashwa ili meli zipite salama bila kusimama.

Ndani ya meli hizo kulikuwa na ramani nyingine, ya nani alale wapi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu binamu yangu anasema abiria wa swiiti, kabla hawajalipa, huuliza maswali yale yale: chumba kiko upande gani, kiko juu au chini, mbele au nyuma, nani ataleta chakula na nimpe bakshishi kiasi gani. Nilipomsikiliza nilimsikia Bibi. Maana naye kabla hajatandika mkeka aliuliza: jua la alasiri litapiga wapi, upepo unaingilia wapi, choo kiko umbali gani, watu watapita juu ya miguu yangu au la, na huyu jirani yangu ni mtu wa namna gani.

Meli huyumba kama pembea ya ubao. Ncha zake hupanda na kushuka, katikati hutulia. Na kadiri unavyopanda juu, ndivyo inavyokupepesua kushoto na kulia. Nyuma kuna mtetemo wa injini, na enzi ya makaa ya mawe kulikuwa na masizi. Kwa hiyo wajenzi wa meli za zamani waliwaweka abiria wa daraja la kwanza katikati, wakawasukuma wengine kwenye ncha, au chini karibu na shehena. Jahazi lina hesabu yake tofauti: mahali pa heshima ni shetrini, karibu na nahodha na usukani, kwa sababu tanga ndilo injini na halitetemi.

Kisha kuna jua. Wengi mmesikia hadithi ya neno la Kiingereza posh, kwamba lilipigwa mhuri kwenye tiketi za matajiri waliotaka kabini ya kushoto wakati wa kwenda Mashariki na ya kulia wakati wa kurudi. Watunga kamusi wameitafuta tiketi hiyo na hawajaiona hata moja. Hadithi ni ya kubuni, ila hesabu iliyomo ni ya kweli. Meli inayopanda kaskazini kutoka Dar ina bara mkono wa kushoto, na jua kali la alasiri hutokea bara. Bibi, ambaye hakujua Kiingereza, alitandika upande wa kulia, wa baharini.

Na upepo. Kabla ya viyoyozi, chumba bora kilikuwa kile chenye dirisha linalovuta hewa. Meli inayoshuka kusini wakati wa kaskazi hukimbia pamoja na upepo, na hewa ndani hufa. Wakati huo aliyelala sitahani chini ya turubai huenda aliona nafuu kuliko bwana aliyelipa mara kadhaa zaidi. Nasema huenda, maana mvua ikinyesha mizani inageuka.

Nisije nikaonekana nadai kwamba anasa ya baharini ililetwa na Wazungu peke yao. Sayyid Barghash wa Zanzibar alizuru Uingereza 1875, na 1878 akaletewa meli yake, Glasgow, iliyoundwa kwa mfano wa manowari ya Kiingereza ya jina hilo. Haikumpendeza. Ikakaa bandarini mwaka baada ya mwaka mbele ya jumba la kifalme, karibu haina safari, hadi asubuhi ya 27 Agosti 1896, Waingereza walipoizamisha katika vita ambavyo havikutimiza saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini miaka mingi. Ni meli nzima ya mtu mmoja, naye hakuitaka.

Kwa Mafia, meli za kifahari zilisimama kweli mara moja, na hazikuja kutalii. Mwishoni mwa 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ng'ambo ya kisiwa. Novemba ile Kinfauns Castle, meli ya abiria iliyozoea kubeba watu na barua kati ya Southampton na Rasi ya Tumaini Jema, ilileta ndege ya majini hadi Nyororo, kisiwa kidogo upande wa kaskazini-magharibi wa Mafia, ili Königsberg itafutwe kutoka angani. Januari 1915 Waingereza wakaitwaa Mafia. Juni mwaka huo ikafika Laurentic ya White Star Line, ambayo tangu 1909 ilikuwa ikivusha abiria wa madaraja matatu kati ya Liverpool na Kanada. Ilikuwa imebeba ndege zilizounganishwa Mafia, zikarushwa kuongoza mizinga, na tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikawa imekwisha.

Ninapowaza Laurentic imetia nanga katika maji haya, siwazi mizinga. Nawaza korido za daraja la kwanza, kama zilikuwa bado na mazulia, na mtu wa Kilindoni juu ya ngalawa akitazama safu za madirisha na kujiuliza zote zile ni za nini. Meli hiyo ilizama Januari 1917 pwani ya Ireland kwa mabomu ya majini, na watu zaidi ya 350, pamoja na shehena kubwa ya dhahabu ya serikali. Dhahabu ilitafutwa kwa miaka. Karibu yote ikapatikana.

Nyororo haikuwa kisiwa pekee cha upande ule kupata mgeni. Jirani yake, Shungimbili, leo ina jumba moja linalokodishwa kwa kundi moja tu la wageni kwa wakati mmoja. Ukifikiri vizuri, hiyo ni swiiti isiyosafiri, Barghash angeielewa.

Baada ya vita ya pili British India walileta Kampala (1947) na Karanja (1948), zilizounganisha Bombay, Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kusini hadi Durban. Wazee wa pwani wanazitaja kama sisi tunavyotaja mabasi. Daraja la kwanza lilikuwa la makumi ya watu. Chini na sitahani walijaa mamia, na matandiko yao, na majiko yao, na ndoa zilizopangwa kabla ya kufika bandari ya pili. Kwa upande wa London kulikuwa na Kenya na Uganda, zilizoundwa mwanzoni mwa miaka ya 50 kubeba maofisa na walowezi. Ukoloni ulipokwisha, na ndege zikawachukua waliobaki, Uganda iligeuzwa meli ya safari za wanafunzi: abiria 300 hivi katika kabini, na wanafunzi zaidi ya 900 katika mabweni. Mabweni! Nilipoisoma mara ya kwanza nilitabasamu, nikakikumbuka kijiji cha Bibi. Mwaka 1982 ikawa hospitali katika vita vya Falklands.

Kilichobadilisha ramani ya nani alale wapi ni mitambo miwili. Kiyoyozi kilifanya dirisha lisihitajike tena kwa kuvuta hewa. Na mapezi ya chuma yanayochomoza ubavuni mwa meli chini ya maji yalipunguza kuyumba, hata tajiri akaweza kuhama kutoka katikati kwenda juu bila kutapika sana. Hapo ndipo mandhari ilipoanza kuuzwa. Meli kama Norwegian Dawn, iliyofunga gati Dar es Salaam mwanzoni mwa 2024 na watalii zaidi ya 2,000, ina sehemu ya swiiti ambayo huingii bila kadi yake, na mhudumu wake wa pekee. Anayelipa zaidi bado hulala mahali panapoyumba zaidi. Binamu yangu huwaambia wageni wanaouliza: ukiogopa kichefuchefu, chukua chumba cha kawaida, chini, katikati. Wanamshukuru, halafu wanachukua cha juu.

Yeye mwenyewe analala chini ya mstari wa maji, wawili katika chumba kisicho na dirisha. Hayumbishwi hata kidogo, anasema, na hilo ndilo la maana aliloniambia kwa utani. Mkataba ni wa miezi, bila siku kamili ya kupumzika. Anatuma fedha nyumbani, amejenga, na hataki kuonewa huruma. Nami nimejaribu kutomwonea. Lakini kuna sauti moja aliyonitumia saa tisa usiku, akinong'ona ili mwenzake asiamke. Alikuwa ameingia swiiti ambayo haikuuzwa safari ile. Kiyoyozi kinafanya kazi, taa za baraza zinawaka, matunda mezani. "Nimemkumbuka Bibi," akasema, na sauti ikakatika.

Jua lilizama upande wa Rufiji. Mzee wa Bweni alinikaribisha uji na muhogo, nikala, nikarudi mwambani na kurunzi. Saa tatu na nusu niliziona: taa nyingi, nyeupe na za manjano, zimepangwa ghorofa ghorofa, zikienda polepole mashariki kwetu. Sikusikia mlio wowote. Mzee alikuja akasimama karibu yangu na kuuliza kama ndiyo hiyo, nikasema nadhani ndiyo. Mtandao ulikuwa na mstari mmoja. Nikarekodi: "Tunakuona. Umefika kwa Bibi."

Asubuhi nilinunua mkeka Bweni, wa rangi ya zambarau na kijani. Kesho yake nikapanda kivuko cha Kilindoni kwenda Nyamisati, nikauliza jua litatokea wapi. Nyuma, kushoto kidogo, akasema baharia. Na kaskazi inatoka kulia. Nikatandika kulia.

Jibu liliingia tukiwa tumekaribia delta. Kelele za korido nyuma yake, na kitu kama magurudumu ya toroli.

"Saa hiyo nilikuwa ndani, natandika."