Siku ya Tano: Kwaresima ya Nyumbani, Nakivale na Mbarara

Tuanze kwa kukiri kosa letu. Mwaka jana, tulipokuwa tukisahihisha insha za mwaka wa kwanza, tulikuta sentensi iliyosema kwamba familia ya mwandishi haikula chochote mpaka jioni siku ya tano, siku Yesu aliposulubiwa. Tukapiga mstari mwekundu, tukaandika pembeni "Ijumaa Kuu", tukapunguza alama moja. Mwandishi, kijana mwenye asili ya Kivu aliyekulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, akaja ofisini kwa adabu na kutuambia, "Walimu wangu, nyumbani tunaposali ndivyo tunavyosema."

Makala haya yametokana na jibu hilo.

Itakumbukwa kuwa Kiswahili sanifu kina "tano" mbili katika wiki moja. Jumatano ni ya tano ukianza kuhesabu Jumamosi, yaani baada ya Ijumaa, siku ya mkusanyiko wa Waislamu. Alhamisi nayo ni ya tano kwa Kiarabu, ambako hesabu huanza Jumapili. Kiswahili cha mashariki ya Kongo kina tano ya tatu: Jumatatu ndiyo siku ya kwanza, na Ijumaa ndiyo siku ya tano. Basi katika Juma Kuu tano hizo tatu hupangana moja baada ya nyingine, siku tatu mfululizo! Tumefundisha majina ya siku miaka mingi bila kuliona jambo hili.

Si Wakongo peke yao wanaohesabu hivyo. Mnyankore wa Mbarara huiita Ijumaa Orwakataano, Mnyarwanda husema kuwa gatanu, na Muganda husema Lwakutaano. Wote ni tano. Kwa hiyo mkimbizi wa Nakivale na mwenyeji wake wa Ankole walikuwa wakihesabu sawasawa, na aliyekuwa nje ya hesabu ni mwalimu wa Kiswahili mwenye kalamu nyekundu.

Lakini Kiswahili kilifikaje katika sala ya jioni ya nyumba ya huko? Hapo ndipo penye historia. Kwa kawaida Mkristo wa Ankole hakusali nyumbani kwa Kiswahili. Dini ililetwa kwake na makatekista wa Kiganda, na Kiganda kikatawala kanisani kwa muda mrefu kabla Kinyankore hakijapata Biblia yake kamili katika miaka ya 1960. Kiswahili alikisikia kutoka kwa askari. Mbarara ulikuwa mji wa kambi ya jeshi, na Idi Amin alipokitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, kwa watu wengi tangazo hilo lilikuja na harufu ya bunduki.

Kwaresima ya mwaka 1979 yaonyesha jambo hilo waziwazi. Tayari mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alikuwa ameuawa, na mwezi Septemba mwaka huohuo madhehebu 27 yakapigwa marufuku, wakiwemo Waadventista Wasabato na Jeshi la Wokovu. Wengi wa waumini hao hawakuwa na mahali pa kukutania isipokuwa majumbani, kwa sauti ya chini. Kisha vita vya Kagera vikaja. Majeshi ya Tanzania yaliingia Mbarara mwishoni mwa Februari 1979, na Jumatano ya Majivu ilikuwa tarehe 28 ya mwezi huo. Mji uliharibiwa vibaya. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili, Jumatano ya Juma Kuu, na Pasaka ikawa tarehe 15. Kwaresima nzima, basi, ilikuwa vita, na Kiswahili kilikuwa lugha ya pande zote mbili zilizoshika silaha. Aliyejifungia ndani kusali alikisikia kikipita barabarani. Tunapowalaumu wazee wa Ankole kwa kukichukia Kiswahili, na katika mikutano yetu tumewalaumu sana, tukumbuke walikisikilizia wapi.

Nakivale ina njia yake. Makazi hayo, ambayo leo yako wilaya ya Isingiro na zamani yalikuwa ndani ya wilaya ya Mbarara, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na sala za nyumbani zikawa za Kinyarwanda. Kiswahili kiliingia kwa wingi pamoja na Wakongo waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1996. Hao walikuja na desturi ya kusali nyumba kwa nyumba. Maaskofu wao walikuwa wamekwisha azimia mwaka 1961 kujenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo za majirani, zile ambazo Bukavu huitwa shirika. Mobutu alipoondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za serikali mwaka 1974, familia zilikuwa na mahali pengine pa kuiweka.

Desturi hiyo ilijaribiwa mwaka 2020. Mwezi Machi serikali ya Uganda ilifunga nyumba zote za ibada kwa sababu ya korona, usafiri wa umma ukasimamishwa, na amri ya kutotoka nje ikaanza saa moja jioni. Pasaka iliangukia tarehe 12 Aprili, na Mkesha wa Pasaka hauwezekani kanisani pasipo usiku. Mwezi huohuo Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza posho ya wakimbizi nchini kwa asilimia 30. (Neno posho lenyewe lastahili makala yake: Uganda ni ugali, na kwa Wakongo wengi siku ya posho ni Jumamosi, kwa kuwa zamani ndiyo siku wafanyakazi walipogawiwa chakula.) Mfungo wa hiari na njaa isiyo ya hiari vikakaa meza moja.

Kijana wetu alikuwa na miaka kumi na minne. Baba alisoma mateso ya Yesu katika Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952, akigeuza maneno kila alipoona watoto hawaelewi. Jirani Mrundi, ambaye ukuta wake uligusana na wao, aliitikia kwa Kirundi kutoka upande wa pili. Mama alikataa watoto wasifunge kwa kisingizio kwamba chakula kimepungua, halafu usiku akawapa uji kwa siri. Tulimwuliza kama baba alijua. Akacheka, akasema baba naye alipewa.

Tulimrudishia alama yake. Ila tulipoketi kuandika sahihisho pembeni mwa karatasi tulibishana kwa muda: mmoja wetu alitaka "siku ya tano" iandikwe kuwa ni lahaja, mwingine akauliza, lahaja ya nani, ikiwa kuanzia Bukavu mpaka Mbarara kila nyumba huhesabu hivyo? Karatasi ilirudi kwa mwenyewe bila neno lolote pembeni, na mstari mwekundu umefutwa, ingawa haukufutika vizuri.