Pumzi ya Bakteria: Kutoka Pipa la Siki hadi Tangi la Dawa

Mjini Orléans, Ufaransa, mvinyo ulikaa kwa majuma katika mapipa yasiyojazwa pomoni, juu yake ukitanda utando mwembamba. Katika miaka ya 1860, Louis Pasteur alionyesha kuwa utando huo ni viumbe hai vinavyochukua oksijeni hewani na kugeuza kileo kuwa asidi ya siki. Pipa kubwa zaidi halikuharakisha kazi, kwa sababu hewa ilipatikana usoni tu. Mjerumani Schützenbach alikwisha kulikwepa tatizo hilo mwaka 1823: alidondoshea kileo juu ya maranda ya mbao, huku hewa ikipanda kutoka chini.

Historia yote iliyofuata, kwa maoni yangu, ni historia ya kuwapelekea bakteria hawa pumzi. Lita moja ya maji ya vuguvugu hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni, nao huimaliza upesi. Matangi ya penisilini ya Vita vya Pili vya Dunia, yenye mapanga ya kukoroga na hewa iliyosukumwa kwa nguvu, yalifungua njia. Mwaka 1949, Hromatka na Ebner wa Austria wakazamisha bakteria wa siki ndani ya kimiminika chenyewe, wakagundua kwamba hewa ikikatika hata kwa muda mfupi, bakteria hufa.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Kwa sababu seli hai inalenga. Sobitoli, kileo cha sukari, ina sehemu kadhaa zinazoweza kuoksidishwa; bakteria aliyechunguzwa na mwanakemia Bertrand mwaka 1896 hugusa moja tu. Juu ya kazi hiyo mwanakemia Reichstein alijenga, mwaka 1933, njia ya kutengeneza vitamini C.

Dawa ya kotisoni inashangaza zaidi. Mwaka 1948, wagonjwa wa baridi yabisi huko Minnesota walipata nafuu kubwa kwa dawa hiyo, lakini ilitoka kwenye nyongo ya ng'ombe kwa hatua zaidi ya 30. Kikwazo kikuu kilikuwa kuweka oksijeni kwenye kaboni ya 11. Waingereza waligeukia mabaki ya mkonge wa Afrika Mashariki, yenye kemikali iitwayo hekojenini, ambayo oksijeni yake iko kwenye kaboni jirani, ya 12. Huko Michigan, mwaka 1952, Peterson na Murray wa kampuni ya Upjohn walitangaza kuwa kuvu aina ya Rhizopus huiweka oksijeni pale pale panapotakiwa kwenye projesteroni, kwa hatua moja.

Hata hivyo, ugumu wa tangi haukuisha: projesteroni haiyeyuki vizuri majini, na oksidisho huzalisha joto ambalo tangi kubwa hulitoa kwa shida. Kwa hiyo mhandisi hupiga hesabu ya hewa na ya maji ya kupoozea kabla ya kuamua ukubwa wa tangi.