Roketi zinazorudi: je, ni za kutegemewa kwa safari za kila mara?

Ukisimama ufuoni Kipini, ng'ambo ya Ghuba ya Ungwana kuna Ngomeni, ambako Waitaliano waliweka jukwaa la San Marco baharini. Kuanzia 1967 hadi 1988 roketi za Scout zilirushwa hapo, na Desemba 12, 1970 ikapaa setilaiti iliyoitwa Uhuru. Kila Scout iliruka mara moja tu. Ni kama kununua basi la Garsen hadi Hola, kisha kulitupa abiria wakishashuka.

Siku hizi basi hurudi, na Kenya imeshalipanda. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi, 1KUNS-PF, ilipelekwa Aprili 2018 na Falcon 9 ambayo sehemu yake ya chini ilikuwa imesharuka. Taifa-1 ilifuata Aprili 15, 2023 kutoka California, baada ya kuahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Sehemu ya chini ya roketi hiyo ilikuwa katika safari yake ya kumi, na ilirudi ikatua wima.

Wenye shaka wana sababu. Vyombo vya Marekani vya Space Shuttle viliruka mara 135 kati ya 1981 na 2011. Challenger (1986) na Columbia (2003) viliangamia na watu 14. Tena kila safari ilihitaji matengenezo ya miezi.

Falcon 9 ni habari nyingine. Baadhi ya sehemu zake za chini zimeruka zaidi ya mara 30. Ilipofeli Julai 2024 na kupoteza setilaiti za Starlink, hitilafu ilikuwa sehemu ya juu, ile ambayo huwa mpya kila safari! Agosti mwaka huohuo sehemu ya chini ilianguka ikitua, lakini mzigo ulikuwa umeshafika. Kwa mwenye mzigo, hilo ndilo la maana. Starship, kubwa zaidi, bado ni ya majaribio, singeikabidhi kitu.

Kwetu Tana River suala hili si la mbali. Kamera ya Taifa-1 iliundwa kuona mashamba na maji, na mafuriko ya Novemba 2023 yalitukuta miezi saba tu baada ya kurushwa kwake. Setilaiti ndogo haidumu miaka mingi. Ikizeeka, nyingine itahitaji nafasi, na nafasi ya bei nafuu iko kwenye roketi iliyokwisha kutumika.