Michoro ya mguso
Michoro ya mguso ni picha, ramani na grafu zenye mistari iliyoinuka, zinazosomwa kwa vidole na wasioona pamoja na viziwi wasioona. Baadhi huchapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi maalumu, kisha hupitishwa kwenye mashine ya joto. Weusi hufyonza joto zaidi, na mistari hufura. Kuinua picha ya kawaida kama ilivyo ni kazi bure. Jicho huona yote kwa pamoja, kidole husoma kipande baada ya kipande, hivyo mchoraji hupunguza mistari na kuachanisha alama. Kwenye ramani, bahari yaweza kupewa mawimbi, nchi kavu ikaachwa laini. Majina huandikwa kwa nukta nundu. Mtoto anayeanza kusoma michoro hii hupewa kwanza chungwa lenyewe, si duara la karatasi.