Televisheni na Monita: Ndoa, Talaka na Kurudiana

Muhula mpya ukianza, kuna swali ambalo halikosekani hosteli: "Nimepata monita ya kompyuta kwa bei poa. Naweza kuangalia nayo mpira? Naweza kuchomeka PlayStation?" Majibu huwa mawili, na yote hutolewa kwa kujiamini kabisa. Mmoja atakwambia haiwezekani, monita ni ya kompyuta. Mwingine atakwambia chomeka tu, acha woga. Kumbe wote wawili wana haki yao, ila kila mmoja anazungumzia mwaka wake. Kwa hiyo leo swali hili tunalijibu kwa historia.

Kioo kilikuwa kimoja

Mwaka 1897 mwanafizikia Mjerumani Karl Ferdinand Braun alitengeneza bomba la kioo lililonyonywa hewa. Upande wa nyuma linatoka boriti la elektroni, upande wa mbele kuna uso uliopakwa kemikali inayong'aa ikigongwa. Boriti likigonga, doa la mwanga linatokea. Ukilivuta boriti huku na kule kwa sumaku au kwa umeme, doa linachora mstari. Hiyo ndiyo siri yote ya zile TV za chogo: chogo ni nafasi ya kukaa bomba.

Mwaka 1927, kule San Francisco, Philo Farnsworth alitumia bomba la aina hiyo kupokea picha iliyorushwa kwa njia ya elektroniki. Mwaka 1948, Manchester, Freddie Williams na Tom Kilburn walilitumia bomba hilohilo kama kumbukumbu ya kompyuta: madoa ya chaji kwenye uso wa kioo yalihifadhi data, na bomba jingine la pembeni likawaonyesha wahusika kilichomo. Yaani kioo cha televisheni na kioo cha kompyuta vilizaliwa tumbo moja.

Hata gemu zilianzia hapo. Oktoba 1958, William Higinbotham wa maabara ya Brookhaven, Marekani, aliogopa kwamba wageni wa siku ya maonyesho wangechoka kuangalia mashine zilizokaa kimya. Akachukua osiloskopu, kile kifaa cha maabara cha kuchora mawimbi ya umeme, akakifanya kionyeshe mchezo wa tenisi. Skrini ilikuwa na upana wa sentimita 13 hivi. Watu walipanga foleni kuucheza.

Ndoa: kuidanganya televisheni

Kioo kipo, gemu ipo. Tatizo lilikuwa bei, maana kompyuta na osiloskopu havikai sebuleni kwa mtu. Lakini televisheni ilikuwa tayari imeshafika sebuleni.

Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer alijiuliza swali jepesi: Wamarekani wana mamilioni ya televisheni, je, hakuna kingine cha kufanya nazo zaidi ya kubadilisha stesheni? Shida ni kwamba televisheni ya wakati ule ilikuwa na mlango mmoja tu, ule wa antena. Haikujua kupokea picha, ilijua kupokea stesheni. Basi Baer na wenzake wakatengeneza kiboksi kilichochora madoa na kuyapandisha kwenye masafa ya chaneli 3 au 4. Televisheni "ikadanganyika": ikadhani imenasa kituo, kumbe kituo chenyewe kiko mezani. Kiboksi hicho kiliingia sokoni mwaka 1972 kwa jina la Magnavox Odyssey. Hakikuwa na sauti wala rangi. Ukitaka uwanja wa mpira, unabandika karatasi ya plastiki yenye picha juu ya kioo.

Kompyuta za nyumbani zikafuata njia hiyohiyo. Apple II ya mwaka 1977 na ZX Spectrum ya Uingereza ya mwaka 1982 ziliingia nyumbani bila kudai kioo kipya. Mzazi hakununua monita, alinyang'anywa televisheni yake.

Ila ukioa kwenye familia, unaoa na mila zake. Televisheni ilikuja na mila za umeme. Kasi ya picha ilipangwa iendane na umeme wa nchi: Marekani hezi 60, Ulaya na kwetu Afrika Mashariki hezi 50. Gemu nyingi zilitungwa kwa hezi 60, na zilipoletwa kwenye nchi za hezi 50 bila kurekebishwa, zilikwenda polepole kwa karibu moja ya sita. Mchezo uleule, kidole kilekile, lakini mkimbiaji wako ana uchovu.

Talaka: mahesabu ya mistari

Ndoa ilivunjwa na herufi. Televisheni ilitengenezwa ionyeshe sura za watu kutoka mita tatu. Ukiiweka sentimita 50 usoni na kuijaza maandishi, herufi 40 kwa mstari zinasomeka, herufi 80 zinageuka ukungu. Na ofisi ilitaka 80, upana wa barua.

Sababu ni ya kifizikia. Boriti la televisheni huchora kama mistari 15,600 kwa sekunde. Tena halichori picha nzima kwa mkupuo: linachora mistari ya witiri, linarudi juu, linachora ya shufwa, na jicho linaunganisha. Kwa sura inayotembea, jicho halishtuki. Kwa mstari mwembamba wa herufi uliotulia, linauona ukitetemeka.

Kompyuta ya IBM ya mwaka 1981 ikaja na monita yake ya maandishi ya kijani, herufi 80 kwa mstari. Mwaka 1987 IBM hiyohiyo ikaleta VGA, ile plagi ya pini 15 ambayo bado utaikuta nyuma ya monita nyingi za mitumba. VGA huchora kama mistari 31,500 kwa sekunde, mara mbili ya televisheni. Boriti la televisheni lisingeweza kukimbia hivyo. Na monita kwa upande wake ilitupa kila isichokihitaji: hakuna mlango wa antena, hakuna rimoti, mara nyingi hakuna spika.

Huyu ndiye yule rafiki yako wa kwanza, anayesema haiwezekani. Kwa miaka karibu 20 alikuwa sahihi. Kioo kilikuwa cha aina moja, lakini lugha mbili.

Kurudiana

Kilichowapatanisha ni skrini bapa. Skrini bapa haina boriti la kukimbizana nalo. Ina nukta zilizopangwa kama madirisha ya ghorofa, kila moja inasubiri kuambiwa rangi yake kwa namba. Mwaka 1999 ikaja DVI, plagi ya kupeleka namba hizo kwenye monita. Desemba 2002 kampuni kadhaa za televisheni zikatoa HDMI, na hapa ndipo utamu ulipo: kwa upande wa picha, HDMI ilijengwa juu ya lugha ya DVI, kisha ikaongezewa sauti. PlayStation 3 ilipotoka mwaka 2006 ikiwa na HDMI, haikujali tena kama iliyo mbele yake ni televisheni au monita.

Kurudiana kuna gharama zake. Bunduki ya Nintendo ya mchezo wa Duck Hunt, ambayo ilitegemea kuona mwanga wa boriti papo hapo, kwenye skrini bapa haifanyi kazi, maana picha inachelewa kidogo. Televisheni nyingi za leo bado huchelewesha picha kwa sababu "zinairembesha" kwanza. Monita hairembeshi sana, ndiyo maana wacheza gemu wanaipenda.

King'amuzi kimebadilisha hesabu

Sasa turudi nyumbani. Usiku wa Desemba 31, 2012, mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na mikoa mingine ikafuata. Kenya ilifika huko mwaka 2015. Wengi walidhani televisheni zao za chogo zimekufa, wakaziuza kwa bei ya kutupa. Hazikuwa zimekufa. Kilichokufa ni sehemu moja tu, ile ya kunasa stesheni. Kazi hiyo ilihamia kwenye king'amuzi, na king'amuzi kikaunganishwa na TV ya chogo kwa zile nyaya tatu, nyekundu, nyeupe na njano.

Ukilitazama vizuri, hapo kuna jambo kubwa. Kwa miaka mingi, tofauti kuu kati ya televisheni na monita ilikuwa uwezo wa kunasa stesheni. Uwezo huo ukishatoka na kukaa kwenye kiboksi cha pembeni, nyumba yenye king'amuzi inachohitaji ni kioo tu. Na monita ni kioo.

Basi, kabla hujatoa hela, geuza monita yako uangalie mgongoni. Ina HDMI? Chomeka king'amuzi au PlayStation, maliza. Ina DVI? Adapta ndogo isiyo na umeme inatosha kwa picha, sauti uichukue kwenye king'amuzi kwa waya mwekundu na mweupe hadi kwenye spika. Kioo kikibaki cheusi, huenda tatizo ni HDCP, kufuli la kuzuia kunakili ambalo monita za zamani hazina ufunguo wake. Ina VGA peke yake? Hapo unahitaji kiboksi cha kubadilisha ishara, na ulinganishe bei yake na ya monita nyingine ya mitumba.

Na kama ni ya chogo, usiifungue mwenyewe. Ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaoweza kubaki hata baada ya kuchomoa, na kioo chake kina risasi, kwa hiyo hata jalalani si mahali pake. Mpelekee fundi. Kioo chenyewe mara nyingi bado ni kizima. Kilichopitwa na wakati ni plagi.