Usugu Unaosubiri Amri: Tetrasaiklini na Zizi la Githongo

Mjadala wa usugu wa dawa nchini Kenya umezoea kuhesabu: ni bakteria gani wamekataa dawa gani, ni chupa ngapi zimeuzwa bila cheti cha daktari. Mpango wa kitaifa wa 2017 hadi 2022, na ule uliofuata wa 2023 hadi 2027, yote miwili inategemea sana ufuatiliaji wa namna hiyo. Hesabu hizo zina faida. Kasoro yake ni kwamba zinauchukulia usugu kama mali ambayo bakteria anayo au hana, ilhali jeni nyingi za usugu hukaa kimya mpaka ziamshwe. Hoja yangu ni kwamba kimya hicho ndicho kinachozidumisha, na kwamba kwa wafugaji wadogo, dozi hafifu isiyokusudiwa inastahili kuogopwa kama dozi kubwa.

Githongo, katika Imenti ya Kati, Kaunti ya Meru, ni nchi ya chai, ndizi na ng'ombe wa maziwa wanaofungiwa bandani na kukatiwa matete. Katika maeneo kama haya oksitetrasaiklini ni dawa ya kila duka la agroveti, ya sindano au ya kupulizia kidonda. Hata ndama asiyeumwa huweza kuipata: chanjo ya ndigana kali iliyobuniwa Muguga humpa ndama vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, ili vimelea hivyo visimzidi nguvu. Bakteria wa utumbo hawaulizi dawa ilikusudiwa nani.

Tuutazame mfumo uliochunguzwa kuliko karibu yote, ule unaobebwa na Tn10, transposoni (kipande cha DNA kinachoweza kuhama), ndani ya bakteria wa utumbo Escherichia coli. Jeni mbili zimepeana mgongo na husomwa kuelekea pande tofauti. Moja, tetA, hutengeneza pampu inayokaa kwenye utando wa seli na kuitoa tetrasaiklini nje; kwamba dawa husukumwa nje kwa njia hiyo kulionyeshwa na maabara ya Stuart Levy huko Boston mwaka 1980. Nyingine, tetR, hutengeneza protini ya kuzuia. Pasipo dawa, protini za TetR, mbili mbili, huishikilia DNA iliyo katikati ya jeni hizo na kuzifunga zote, hata ile iliyozizaa zenyewe. Tetrasaiklini ikipenya ikiwa imeshikana na ioni ya magnesiamu, hujipachika ndani ya TetR, umbo la protini hubadilika, na mshiko wake juu ya DNA huachia. Pampu huanza kutengenezwa. Sambamba nayo hutengenezwa TetR mpya, ili dawa ikishatoka jeni zifungwe tena.

TetR huishika tetrasaiklini kwa nguvu takriban mara elfu moja kuliko inavyoshikwa na ribosomu, ambayo ndiyo shabaha ya dawa. Kwa hiyo seli hupata habari mapema, wakati kiasi kilichoingia bado hakitoshi kusimamisha utengenezaji wa protini. Sababu ya kuifunga pampu nayo ni ya kiuchumi. Pampu hubadilisha dawa kwa protoni, na ikizidi huvuruga utando na kuidhoofisha seli. Mwaka 1989 kundi la Richard Lenski lilionyesha kwamba kuitumia Tn10 humgharimu E. coli, lakini kuibeba ikiwa imefungwa hakumgharimu chochote cha maana. Hapa ndipo matumaini ya kwamba tukipunguza dawa jeni zitajiondokea zenyewe yanapokwama. Mzigo usio na uzito hautuliwi.

Dozi hafifu ni hafifu kiasi gani, na hutoka wapi? Mwaka 2011 watafiti wa Uppsala walipima kwamba Salmonella mwenye Tn10 huanza kumshinda mwenzake asiye nayo kwenye mikrogramu 15 tu za tetrasaiklini kwa lita, takriban moja ya mia ya kiasi cha kumzuia huyo mwenzake. Kikomo cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa maziwa ni mikrogramu 100 kwa lita. Ulinganisho huu una walakini, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa huikamata dawa, na kikomo kiliwekwa kumlinda mnywaji. Ila ndama hana kikomo. Maziwa ya siku za kungoja baada ya ng'ombe kutibiwa, yale ambayo hayafai kupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, mara nyingi hayamwagwi. Humiminwa kwenye ndoo ya ndama. Samadi nayo, yenye sehemu ya dawa ambayo ng'ombe hakuivunja, hurudi kwenye matete.

Udhibiti wa jeni huipotosha maabara pia. Staphylococcus aureus, anayesababisha majipu kwa watu na ugonjwa wa kiwele kwa ng'ombe, anaweza kubeba erm(C), jeni ya usugu dhidi ya erithromisini na klindamisini, ambayo RNA yake hujikunja na kuficha mahali pa kuanzia kusomwa. Ribosomu iliyonaswa na erithromisini hukwama mwanzoni mwa RNA hiyo, mkunjo hufunguka, na jeni husomwa. Klindamisini haiiamshi vyema, basi jibu la maabara husema dawa inafaa. Ukiweka kisahani cha karatasi chenye erithromisini umbali wa milimita 15 hadi 26 kutoka kile cha klindamisini, duara lisiloota bakteria hubonyea upande mmoja na kuwa kama herufi D. Hakihitajiki chombo cha bei, na sioni udhuru wa hospitali yenye uwezo wa kuotesha bakteria kukiacha kipimo hiki.

Sidai kwamba udhibiti unaeleza kila kitu. Uingereza ilikaribia kuacha kabisa sulfonamidi miaka ya 1990, lakini usugu wa E. coli katika hospitali moja ya London ulikuwa 39.7% mwaka 1991 na 46.0% mwaka 1999. Huko jeni za usugu zilisafiri pamoja na nyingine kwenye plasmidi moja, yaani duara dogo la DNA. Sababu hizo mbili hazipingani. Kinachobaki mikononi mwetu ni kupunguza nafasi za jeni kuamshwa, na ya kwanza ni ndoo ya ndama.

Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja hawezi kumwaga maziwa ya siku kadhaa kwa kuhubiriwa. Vyama vya ushirika vya maziwa vya Meru viyanunue maziwa hayo, hata kwa nusu bei, viyaharibu, na gharama hiyo iingizwe kwenye bajeti ya kaunti ya kupambana na usugu wa dawa.